Prefe na Mabaki ya Kompyuta Yangu

Jina lake sitalitaja, na hata ningelitaja wachache wangemjua kwalo. Kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikuwa Prefe. Kwetu Kivu Kusini, Kongo, mkuu wa shule ya sekondari huitwa hivyo, naye alikuwa mkuu wa shule yetu mpaka vita vya mwaka wa tisini na sita vilipotutawanya. Shule ilichomwa, madawati yakawa kuni za askari, walimu wakaishia kila mmoja na kambi yake. Hayo yote hayakumgusa. Ukimsalimu "Jambo, baba," aligeuka nyuma kumtafuta huyo baba ni nani, na asipomwona aliendelea na safari yake. Ukisema "Jambo, Prefe," alisimama na kukunyooshea vidole viwili uvishike.

Niseme mapema kwamba nilimdharau mtu huyu kwa karibu miaka ishirini, na sikumdharau bure. Siku za kugawa unga, sisi sote tulipanga mstari juani tangu asubuhi na gunia tupu kichwani. Yeye alikuja saa nne, amepiga pasi suruali, akaenda moja kwa moja mbele. Alisema mkuu wa shule hapangi mstari na wanafunzi wake. Nusu ya mstari ule kweli walikuwa wanafunzi wake, watu wazima wenye watoto, na walimpisha kwa sababu makalio yao yalikuwa bado yanaikumbuka fimbo yake. Waganda waliokuwa wakigawa unga walidhani ni chifu wetu. Hakuna aliyewasahihisha, hata mimi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Majina ya watu hakuyatumia. Alikuita kwa darasa ulilokuwamo alipokuona mara ya mwisho shuleni. Mimi nilikuwa "weye wa troazieme B", yaani darasa la tatu mkondo wa pili, na nilibaki humo hata nilipoolewa, hata nilipozaa, hata nilipohama kambini na kuanza kuuza vitenge mjini Mbarara. Mchungaji wetu alikuwa wa darasa la nne A. Siku moja aliteleza katika mahubiri, akasema Musa alijenga safina, na kabla hajajirekebisha sauti ilitoka benchi la mbele: "Katrieme A, anza tena." Mchungaji alianza tena tangu mwanzo, na tukaisikiliza sala ya ufunguzi mara ya pili.

Kitu alichookoa katika kukimbia ni muhuri wa shule. Wenzake walibeba watoto, masufuria, Biblia. Yeye alivuka milima na muhuri ndani ya soksi, na Nakivale hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake bila kugongwa. Aligonga barua za posa, orodha za kwaya, karatasi za dawa za zahanati. Mchuuzi mmoja wa maziwa, Mnyankore mwenyeji wa Endiinzi jirani na kambi, alimwomba amwandikie cheti kwamba maziwa yake hayana maji. Prefe aliyaonja siku tatu mfululizo, kisha akampa asilimia sitini na nane na kumwambia ajitahidi. Yule Mnyankore alikipachika cheti kile kwenye baiskeli yake, nasi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakuona kinachochekesha.

Lugha ndiyo iliyomvimbisha kichwa kuliko vyote. Kifaransa kwake kilikuwa lugha ya watu walioketi darasani. Kiswahili cha Waganda alikiita Kiswahili cha buti, kwa kuwa wengi wanaokisema walikipata jeshini au polisi, na mtu akimwambia "wewe nakuja wapi" alifumba macho kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa na "fasi" kwa mahali na "bantu" kwa watu na Kifaransa nusu, lakini hicho hakuwa na shida nacho. Kiingereza alikikataa katakata. Kilikuwa, alisema, Kifaransa kilichoharibiwa na watu wavivu wa kuandika. Maneno hayo ya mwisho myakumbuke kidogo tu, kwa sababu yatatufikisha kwenye kompyuta baada ya muda mfupi.

Sitaki kudanganya kwamba hakuwa na mema. Kulikuwa na mama mmoja, jirani yake, aliyelala mgonjwa miezi mitatu. Prefe alimchotea maji kila asubuhi, kwa mikono yake, mzee wa umri ule. Lakini kila alipotua ndoo alimkumbusha kwamba binti yake alifeli jiografia. Ndivyo alivyokuwa. Ukijiandaa kumshukuru, alikuwa ameshakupiga kijembe.

Sasa nifike kwenye palmare, maana bila hiyo hadithi yote hii ni ya mzee mwenye majivuno tu, na hao wako tele. Kwetu mwisho wa mwaka matokeo husomwa hadharani mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mkia, kila jina na asilimia yake. Orodha hiyo ndiyo palmare. Madaftari ya palmare yaliungua na shule. Kambini watu waliosoma wakawa hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba walisoma. Waliotaka kufundisha, waliotaka kuendelea na masomo Mbarara, waliotaka kazi yoyote isiyo ya jembe, wote waliulizwa ushahidi, nao hawakuwa nao. Prefe akaamua kuiandika palmare upya kutoka kichwani, mwaka kwa mwaka, darasa kwa darasa. Mtu akija na shida, angefungua mwaka wake, angemtafuta, angemwandikia cheti na kugonga muhuri. Na ajabu ni kwamba ofisi kadhaa zilivikubali vyeti hivyo. Labda walichoka kubishana naye.

Aliandika kwa mkono kwanza, katika madaftari makubwa, miaka mingi. Mchwa walikula matatu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mimi, wa troazieme B, nina kompyuta.

Tulikuwa tumeinunua kuukuu, mume wangu na mimi, ili watoto wajifunze na mimi nichape barua za majirani nikipata nafasi. Tuliishi Kakoba, mtaa wa Mbarara, vyumba viwili nyuma ya duka la misumari, na kompyuta ilikaa juu ya meza ya kulia. Prefe hakuomba. Alifika Jumamosi moja mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, akavua kofia, akauliza mashini iko wapi. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi kutoka Nakivale, na kila Jumamosi nyumba yangu ikawa shule. Watoto walinong'ona. Redio ilizimwa. Mume wangu, mtu wa kucheka sana, alianza kupata safari za kwenda mashambani Masha kuangalia ndizi ambazo hatukuwa nazo.

Alinawa mikono kabla ya kugusa kibodi, tena kwa sabuni. Alichapa kwa kidole kimoja, cha mkono wa kulia, ule mwingine akiuweka nyuma ya mgongo. Kila jina alilisema kwanza kwa sauti, akanyamaza, akafumba macho, akatamka asilimia, ndipo akaandika. Mashini ikichelewa aliigombeza kwa Kifaransa. Na kila ukurasa wa daftari aliomaliza kuuchapa aliuchana na kuniachia niwashie moto jikoni. Nilimwambia asichane. Alisema kompyuta haina mchwa. Nilimwambia basi tunakili kazi yake kwenye flashi, akae nayo mfukoni. Alikitazama kile kidude kwenye kiganja changu na kusema kitu cha ukubwa ule kinapotelea hata puani. Na kuichapa kwenye karatasi je? Palmare isiyokwisha haichapwi, alisema. Nikaona sina la kumfundisha mtu aliyezaliwa anajua.

Kompyuta ikaanza kujaa. Ilikuwa inajipakulia maboresho yake, yale wanayoyaita apdeti, kila nilipoiunganisha na mtandao, na kila apdeti iliacha mabaki yake nyuma: mafaili ya kusakinishia yaliyokwisha kazi, nakala za vitu vya zamani, makorokoro ya kila aina. Mwisho ikawa inaandika kwamba diski imejaa, na kufungua barua moja tu kulichukua muda wa kupika chai. Nikaingia kuangalia kilichojaza. Nikakuta folda kubwa imeandikwa Temp. Mtoto wa jirani aliyesoma alikuwa ameniambia hiyo ni takataka ya muda, ifutwe bila woga. Nilikuwa nimeshaweka kidole tayari, na Prefe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Acha!" alisema. "Weye, ile ni wakati. Unafuta wakati, saa ya mashini itasimama, na palmare yangu itabakia bila tarehe."

Aliisoma Kifaransa. Katika Kifaransa neno la wakati huandikwa karibu vivyo hivyo, na herufi moja zaidi mwishoni. Nilipomwonyesha kwamba herufi hiyo haipo, alisema ndiyo hasa, si nilisikia alivyosema, Waingereza ni wavivu wa kuandika. Na mimi, mama wa watoto watatu, mwenye meza yangu sokoni, niliondoa kidole. Ule woga wa darasa la tatu ulinirudia. Nilikaa miezi mitano na kompyuta iliyojaa takataka kwa sababu mzee mmoja aliniambia nitausimamisha wakati.

Aliyenitoa ujinga ni afande mmoja, askari wa kambi ya jeshi ya pale mjini, fundi wa mitambo ya mawasiliano, ambaye saa zake za mapumziko alitengeneza kompyuta za watu. Mke wake alikuwa mteja wangu wa vitenge. Nilipomsimulia habari ya wakati, alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi na kofia. Nilicheka naye. Lakini ndani niliona aibu, na aibu hiyo yote nilimtwisha Prefe. Siku ile nilikata shauri moyoni kwamba neno lake jingine lolote litaingia sikio hili na kutokea lile.

Afande alisema sistemu yenyewe imechakaa, afadhali aweke mpya juu yake. Aliiweka. Hati zetu zote, barua zangu na palmare ya Prefe, alizitoa kwenye ya zamani akazipanga upya mbele, pale pale kwenye kioo, tuzione tukiwasha tu. Kisha akanionyesha folda moja. Sistemu mpya, alisema, haitupi ile ya zamani. Inaikusanya yote na kuitia humo, kwa jina lake na neno la Kiingereza "old" nyuma yake, isije mpya ikagoma ukataka kurudi ulikotoka. Ndiyo inayokula nafasi kuliko vyote.

"Nyabo, usikie vizuri," aliniambia, nyabo kwao ni bibi. "Hii usitoe leo. Kaa nayo wiki tatu. Kama system mpya nafanya kazi sawa, ndiyo unatoa. Lakini hapana kutoa na mkono, moja moja, utaharibu. Iko na kitu yake ya kusafisha. Na mbele ya kusafisha, fungua hiyo folda, angalia ndani. Kama iko kitu yako, ondoa weka pembeni. Ikienda, imeenda."

Nilimsikia vizuri. Nilimrudishia maneno yake neno kwa neno, naye akanisifu.

Jumamosi iliyofuata Prefe alikuja na kukuta palmare yake mbele ya kioo, kati ya picha za harusi ya wifi yangu na mchezo wa watoto wa kupanga karata. Alichukizwa. Alisema imeachwa barabarani ipigwe na kila mpita njia. Kisha akakaa, akaanza kutafuta mahali panapoifaa. Mimi nilikuwa sakafuni napima vitenge vya mteja aliyekuwa akisubiri mlangoni. Baada ya kama nusu saa alisimama. Alikuwa amefurahi, jambo ambalo lingetosha kunishtua.

"Palmare nimeiondosha pale inje," alisema. "Nimeitia mu fasi ya ba-ansien. Mashini yenyewe iliishaitengeneza. Pale batoto habafiki."

Niwaeleze neno hilo. Kwetu mtu aliyemaliza shule huitwa ansien, yaani wa zamani wa shule fulani. Ba-ansien ni wote mliopita hapo. Prefe alikuwa ameikuta ile folda yenye neno "old", neno mojawapo kati ya machache ya Kiingereza aliyokubali kuyajua, akaona ni sawa na ansien, akafahamu kwamba kompyuta imeandaa kwa hekima yake mahali pa wanafunzi waliomaliza. Akaitia humo orodha yao. Nilikuja kujua baadaye kwamba mashini ilimwuliza kama ana hakika, kwa Kiingereza, akajibu ndiyo.

Mimi niliitikia, "Ndiyo, Prefe," na utepe wa kupimia kati ya meno. Sikuwa nimemsikiliza. Nilikuwa nasubiri anyamaze.

Wiki tatu zikapita. Sistemu mpya ilikwenda kama kawaida. Jumatatu moja asubuhi, watoto shuleni, umeme haujasumbua tangu juzi, nikaona ndiyo siku yenyewe. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilifunga kila kitu kilichokuwa wazi. Nilikwenda kwenye diski, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua sifa zake, nikaita kile kisafishaji. Nikabonyeza pale pa kusafisha mafaili ya sistemu, maana bila hapo hakionyeshi mabaki makubwa. Ikaja orodha yenye visanduku. Niliweka alama kwenye mabaki ya apdeti. Niliweka alama kwenye mafaili ya muda, na nikatabasamu peke yangu nikikumbuka saa itakayosimama. Niliweka alama kwenye sistemu iliyotangulia. Palipo na vitu nilivyovipakua mwenyewe niliacha wazi, kwa sababu mimi si mjinga. Nikasoma orodha yote mara mbili kabla ya kuthibitisha.

Kuangalia ndani sikuangalia. Ndani kungekuwa na nini? Hati zangu nilizijua zilipo, na vitu vya watu wengine vilivyomo nyumbani mwangu nilidhani navijua pia. Ilichukua kama robo saa. Diski iliyokuwa nyekundu kwa kujaa ikarudi buluu, na kompyuta ikawa nyepesi kama siku tuliyoinunua. Nilijipongeza kwa soda.

Mchana nilikwenda kwa mke wa afande kupeleka kitenge, na afande mwenyewe alikuwepo. Nikamsimulia kwa kujipiga kifua. Akasema vizuri sana. Akauliza kama niliangalia ndani. Nikamjibu mle ndani kulikuwa na vitu vya zamani tu. Neno zamani lilipotoka mdomoni mwangu ndipo nilipoyasikia maneno ya Prefe, wiki tatu baada ya yeye kuyasema. Nilikaa chini. Mke wa afande alidhani nimeishiwa maji mwilini, akaniletea kikombe.

Afande alikuja nyumbani saa ile ile. Kwenye kapu la taka hakukuwa na kitu. Alinieleza kwamba kilichoondolewa na kisafishaji hakipitii kapuni. Akaweka programu yake ya kufukua vilivyofutwa, akahangaika siku mbili, akapata vipande vya faili visivyofunguka, na kimoja kilichofunguka kikiwa kimejaa alama zisizosomeka. Alinipa pole. Hakunilaumu, lakini kofia yake aliivaa taratibu sana alipokuwa akitoka.

Nilikuwa na siku chache mpaka Jumamosi, na nilizitumia kutengeneza maneno. Niliyafanyia mazoezi nikikunja vitenge. Ni nani, ningemwambia, anayechukua mali yake na kuiweka jalalani? Ni nani anayechana madaftari? Ni nani aliyekataa flashi, akakataa karatasi, akakataa Kiingereza? Kila swali lilikuwa la haki na kila jibu lilikuwa yeye. Niliyapenda sana maneno hayo. Nilikuwa nayadai tangu darasa la tatu.

Jumamosi ilipofika hakuja peke yake. Alikuja na mwanamume mmoja mwembamba, ansien wa darasa la sita, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya ndizi huko Masha tangu tulipofika Uganda. Shule moja ya msingi kambini ilikuwa imemwahidi nafasi ya kufundisha kama angeleta uthibitisho wa masomo yake Jumatatu. Alikuwa amevaa koti la kuazima lililomzidi mabegani. Alikaa ukingoni mwa kiti na mikono magotini, akinishukuru kwa kila kitu, hata kwa maji ya kunywa.

Prefe alinawa mikono. Akakaa. Akaiwasha mashini, akatafuta ile folda yake, akaikosa. Akaanza tena juu mpaka chini, akisoma kila jina la kila folda kwa mnong'ono, yale ya Kiingereza akiyasoma Kifaransa. Alifungua picha za harusi akaangalia kati yake. Alifungua mchezo wa karata. Alizima mashini, akahesabu moyoni, akaiwasha upya, akaanza tena. Nilisimama mlangoni na hotuba yangu yote mdomoni, nikimtazama kidole kile kimoja kinavyotafuta, na bado nilikuwa namdharau. Nilikuwa namdharau kwa kutafuta vibaya.

Yule mwanamume aliuliza polepole kama kuna shida. Prefe alivua miwani. Alitazama kioo, pale mwaka wa yule mgeni ulipopaswa kuwa. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha shati, na kutugeukia sote wawili.

"Munisamehe," alisema. "Mi njo nilifuta. Nilifinya fasi mubaya, na sikujua. Ni kosa yangu, ya muntu mwingine hapana."

Sikuwa nimewahi kumsikia akiomba msamaha, si kwa mchungaji, si kwa mtu yeyote. Yule mwanamume aliinuka haraka akasema si kitu, Prefe, si kitu, na macho yake yalikuwa yameshatoka hapo, yamerudi Masha. Nilikuwa na maneno mengi tayari, na kati yake sikuwa na hata moja lililofaa. Ningeweza kusema lile moja la kweli, kwamba ni mimi niliyefuta, na lisingenichukua pumzi nzima; sikulisema.

Prefe alidhani nimenyamaza kwa hasira. Alinisogelea na kuniuliza, kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie, kama katika kubonyeza kwake ovyo amenipotezea na vya kwangu, barua zangu, picha za watoto. Nilimwambia hapana, Prefe, vyangu vyote vipo. Akasema basi Mungu ashukuriwe. Akaupokea mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kutomkasirikia.